Mtegemezi Mwingine

Ofisi yangu ipo Mwisenge, Musoma, chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kupanga fedha zao: mwalimu anayekaribia kustaafu, mama wa dagaa anayetaka kujenga, mkulima wa pamba wa Guta anayepata hela mara moja kwa mwaka na kuishiwa kila mwezi. Miaka ya mwanzo nilitumia daftari na kikokotoo. Mteja mmoja alinimalizia siku mbili, na kuna wakati nilimsomea mtu wa Kiabakari mpango wa mtu wa Bunda mpaka aliponiuliza ni lini alinunua trekta.

Halafu nikanunua programu. Nasema nikanunua kwa mazoea tu. Ukweli ni kwamba unailipia kila mwaka, na usipolipa inakufungia mlango wateja wako wakiwa ndani. Nilijifunza kwa wiki tatu. Baada ya hapo taarifa za mtu niliziandika mara moja tu, zikajipeleka zenyewe kila zilipohitajika: kwenye ada za watoto, kwenye bima, kwenye hesabu za uzeeni. Vikumbusho vilijituma. Nakala zilijihifadhi. Mpango wa siku mbili ukawa wa dakika arobaini, na mimi, ambaye si mtu mnyenyekevu, nikaanza kuwahurumia wenzangu wa madaftari.

Nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kitufe kimoja. Ukikiwasha, mpango ukikamilika tu, muhtasari wake unakwenda kwa mteja na kwa mtu wake wa karibu kwa pamoja. Kwetu karatasi haidumu. Inaliwa na panya, inafungiwa karanga, na simu nayo inazama ziwani. Nikaona nakala kwa ndugu ni kinga. Nilikiwasha kwa wateja wote kwa mkupuo, nikajinunulia soda.

Alhamisi zilikuwa za Butiama. Nilikwenda na kishikwambi nikiwa nimeshakichaji, na bando la kutosha, nikawafuata wateja majumbani. Mmoja wao alikuwa mama mstaafu, muuguzi wa zahanati kwa miaka mingi, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Alikuwa na nyumba aliyoijenga kwa mshahara wake juu ya kiwanja alichokinunua mwenyewe, shamba la mihogo, ng'ombe, na kiinua mgongo ambacho alikuwa hajakigusa. Alitaka jambo moja, akalisema kabla sijakaa vizuri.

"Nikiondoka, huyu asiondolewe hapa." Alimwonyesha kwa kidevu mwanamke wa miaka kama thelathini aliyekuwa anatumiminia chai. "Yeye na watoto wake. Hayo mengine panga unavyojua, mwanangu."

Nikamuuliza huyo ni nani kwake.

"Mke wangu."

Mtu wa Mara hashangai. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi yangu alikuwa na jirani wa namna hiyo, na sisi watoto tulikula kwake bila kuuliza maswali. Kwa hiyo mimi nilielewa. Kishikwambi ndicho hakikuelewa.

Nilichagua "mke". Programu ikaniandikia kwa rangi nyekundu kwamba mteja ni wa kike na jibu hilo halikubaliki. Orodha ilikuwa na mume, mke, mtoto, mzazi, ndugu, na mwishoni kabisa "mtegemezi mwingine". Chini yake kulikuwa na nafasi ya maelezo, kubwa tu, ila ilihitaji mtu akae aandike, na mimi nilikuwa na mteja Kiabakari saa nane. Nikabonyeza "mtegemezi mwingine". Watoto watatu nikawaweka humo humo. Tulipofika kwenye mifugo, programu ikataka idadi.

"Ng'ombe hatuwahesabugi hivyo," mama alisema. "Andika wapo."

Nikaandika kumi, kwa kukisia. Kisha programu ikadai mtu wa karibu, maana haikuona mwenzi wala mtoto. Nilimuuliza ana ndugu gani. Akamtaja mtoto wa shemeji yake, mnunuzi wa pamba huko Bunda. "Anakujaga Krismasi," alisema. Nikaomba namba ya simu, akanipa bila kuuliza ni ya nini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu. Nilipomaliza niliangalia saa. Dakika thelathini na nane.

Jumatatu iliyofuata mama alikuja Mwisenge peke yake. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alinieleza kwamba Jumapili yule mtoto wa shemeji alifika Butiama na karatasi, akawaita watu wa ukoo, akawasomea. Nyumba, shamba, kiinua mgongo, ng'ombe kumi. Mtu wa karibu, ambaye programu humjazia yenyewe kuwa mrithi anayetarajiwa: yeye. Yule mke: mtegemezi mwingine, atasaidiwa mpaka mtoto wa mwisho atimize miaka kumi na minane. Aliposoma hapo, mke aliacha kugawa chakula, akaingia ndani.

"Umemwandika mke wangu mtegemezi mwingine," mama alisema. "Mwingine baada ya nani?"

Nilianza kumweleza jinsi programu inavyofanya kazi. Nikaisikia sauti yangu, nikaacha katikati. Niliona aibu, ile ya kweli inayopanda shingoni, na ninapoandika haya bado ninaiona.

"Na hao ng'ombe kumi, nani alikuhesabia?"

Kusahihisha kulichukua dakika nne. Nilimfuta yule ndugu, nikaandika kwenye nafasi ya maelezo maneno ya mama kama alivyoyasema. Kisha nikatafuta namna ya kuuita urudi ule muhtasari uliokwenda Bunda. Nilitafuta kila mahali. Programu inayojua kutuma kwa namna kumi haikuwa na hata moja ya kurudisha.

Nilimpeleka kwa mwanasheria hapa mjini. Huyo alisema wazi kwamba sheria ya ndoa haimtambui mke wa namna hiyo, lakini wosia unaweza kumtaja mtu kwa majina yake yote matatu na kumpa chochote. Ukaandikwa, ukasainiwa mbele ya mashahidi. Nilidhani tumemaliza. Mama akasema bado, kwa sababu ukoo ulisikia kwa masikio, kwa hiyo lazima usikie tena, na wa kusema ni mimi.

Tulikaa sebuleni kwake, watu kama kumi na wawili. Mnunuzi wa pamba alikuwa na karatasi yake ndani ya faili la plastiki, na juu yake nembo yangu ya kijani niliyoichagua mwenyewe kwa majivuno. Hakuwa mtu mbaya. Aliiamini karatasi, na mimi ndiye nilikuwa nazunguka mkoa mzima nikiwafundisha watu kuiamini.

"Hiyo karatasi niliiandika mimi, na haina ukweli," nilisema. "Sikudanganywa na mtu. Nilikuwa na haraka."

"Sasa kompyuta nayo inadanganyaga?" mzee mmoja aliuliza.

Nilimjibu kwamba inaandika unachoiambia, na mimi niliiambia upuuzi. Wachache walicheka. Mnunuzi wa pamba hakucheka. Aliirudisha karatasi kwenye faili, akaliweka chini ya mkono.

Mke, ambaye tangu ile siku ya chai alikuwa hajaniambia neno, alinifuata mpaka kwenye bodaboda.

"Ile aliyo nayo, unaweza kuifuta?"

"Hapana."

"Basi akiitoa tena utakuja?"

"Nitakuja."

Niliporudi ofisini nilikizima kile kitufe kwa wateja wote. Nikapitia mafaili moja moja, wiki mbili nzima, nikitafuta "mtegemezi mwingine". Nikamkuta dada asiyeona aliyemlea mdogo wake mpaka akapata kazi. Nikamkuta mtoto wa kulelewa ambaye mimi mwenyewe nilishamsikia akiitwa mwanangu. Wote nilikuwa nimewapanga foleni moja na kuwapa jina moja, kwa dakika arobaini. Programu sikuitupa, nisije nikajifanya mtakatifu. Majumlisho yake ni sahihi na yangu ya daftari hayakuwa. Ila siku hizi kishikwambi kinabaki kwenye mkoba mpaka mtu amalize kueleza watu wake, hata kama wa Kiabakari ananingoja.

Mama alifariki masika ya mwaka uliofuata. Nilikwenda kuzika, nikarudi. Siku ya tatu simu iliita, namba nisiyoijua, nikiwa katikati ya hesabu za mwalimu mmoja.

"Ameitoa," alisema mwanamke.

Sikuuliza ni nani. Nilimwomba mwalimu radhi, nikafunga kompyuta, nikaenda Butiama. Chumba kilikuwa kile kile, viti vile vile, kimoja hakikukaliwa. Nikasema maneno yale yale niliyoyasema mara ya kwanza, na wosia ukasomwa. Mnunuzi wa pamba alisikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka, aliiacha karatasi mezani. Mke aliichukua pamoja na vikombe, akaenda kuwashia moto wa chai nyingine.

Hakuondolewa. Baada ya mavuno ya mihogo alikuja Mwisenge, akataka naye apangiwe: ada za watoto watatu, na choo cha ndani. Tuliongea karibu saa nzima kabla sijawasha mashine. Nikaandika majina, umri, kijiji. Tukafika kwenye hali ya ndoa. Niliondoa mkono kwenye kibodi, nikamwambia aseme yeye kwanza, mimi nitatafuta mahali pa kuandika.

"Mjane," alisema.

Lilikuwemo kwenye orodha. Nikabonyeza, na programu ikakubali.