Kisanduku Kilichoogopa Barafu

Hasira hii nimekaa nayo miaka mingi, na sina nia ya kuipoza hapa. Anayetaka kumbukumbu tamu za pwani atafute pengine. Mimi nataka kueleza habari za kisanduku kimoja cha plastiki, rangi ya maziwa, kiasi cha kitabu kinene, kilichofungwa ukutani katika chumba cha boila cha hoteli moja mjini Kilifi, miaka ya themanini, na jinsi kilivyomtoa mjomba wangu kazini.

Mjomba alikuwa mtu wa Mambrui, kaka wa mamangu tumbo moja. Kazi ya kutunza boila alijifunza viwandani Mombasa akiwa kijana, akapata cheti, na cheti hicho alikitia fremu akakitundika chumbani tulikopanga sote wawili. Pale hotelini yeye ndiye aliyehakikisha maji ya moto yanafika kwenye vyumba vya wageni na kwenye chumba cha kufulia. Mimi nilikuwa fundi wa umeme, na kazi hiyo aliniombea yeye. Ijumaa tukipata ruhusa tunapanda kwenda kwetu, yeye kwa watoto wake, mimi kwa mke wangu niliyekuwa nimemuoa mwaka uliotangulia.

Basi siku moja akaja mzungu mmoja, mhandisi, akaaye Mombasa. Kampuni yake huko Ulaya ilitengeneza vifaa vya kupasha nyumba joto. Naam, kupasha nyumba joto. Mamangu nilipomsimulia aliniuliza kama nina homa. Kifaa chenyewe kilikuwa hivi: kipimajoto kinawekwa mahali pake, nacho hutuma habari kwa waya mpaka kwenye kisanduku, kisha kisanduku huiamrisha boila iwake au izimike. Ndani ya kisanduku mlikuwa na chipu nyeusi yenye miguu pande zote mbili kama tandu, na ndani ya chipu hiyo ndimo ilimochomwa akili yake, yaani amri zote za nini kifanyike lini. Akili hiyo ndiyo iliyotakiwa kujaribiwa. Huko kwao wakati ule kulikuwa na joto, boila za majumbani zimelala, nao walitaka kuuza kabla baridi haijaingia. Mwenye hoteli alikuwa rafiki yao. Kwa hiyo wakaamua wajaribie kwetu, kwa siku arobaini, kwa boila yetu, kwa maji yetu na kwa ngozi zetu.

Mhandisi alikifunga, kipimajoto akakibandika kwenye tangi la maji, akatuonyesha taa mbili: ya kijani maana yake habari zinapita kwenye waya, nyekundu maana yake boila inawaka. Akaniachia fomu za kujaza kila siku, akasema atazichukua zote mwisho wa majaribio. Kuja mwenyewe hakupenda, kwa sababu ya foleni ya feri pale kivukoni Kilifi, daraja likiwa bado halijajengwa. Akasema atapiga simu kila asubuhi saa mbili, azungumze na mzee.

Siku ya tatu mjomba alikwishajua ubovu ulipo. Alikuwa na tabia ya kugusa bomba kwa nyuma ya mkono kila baada ya muda mfupi, na siku hiyo aliurudisha mkono upesi. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Hewa ya chumvi ilishaanza kula maungio ya waya, habari zikawa zinakatika. Mtu mwenye akili akikosa habari husimama. Kisanduku hakikusimama. Kilipokosa habari kiliiacha boila iendelee kuwaka, na iwake tu, hata maji yachemke ndani ya tangi. Mjomba alifunga bilula ya mafuta kwa mkono, boila ikazima. Mimi nikaandika kwenye fomu: waya ukikatika, boila haizimi. Kesho yake ikawa vilevile, nikaandika tena. Niliandika mpaka nikachoka na mwandiko wangu.

Sasa njooni kwenye simu, maana hapo ndipo roho inaponipanda. Yule mzungu Kiswahili alikijua, tena alijisifia. Alikisoma kitabuni na kwa mwalimu. Simu inalia ofisini, mjomba anaitwa, nami nasimama kando yake.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, bwana. Sijui wewe."

"Sijambo. Habari ya mashine?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Vizuri sana. Kwaheri, mzee."

Na simu inakatwa. Mjomba bado amevuta pumzi ya kusema "ila". Mdomo wazi, mkonga wa simu mkononi.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa faida ya wasiotujua. Kwetu ukiulizwa habari, jibu la kwanza ni njema. Hata kama umetoka makaburini sasa hivi, na udongo uko miguuni, ni njema. Kisha mwenzio anakuuliza tena: na huko mtokako? Na watu wa nyumbani? Hapo ndipo unaposema: kwa kweli, ndugu yangu, jana tumefiwa. Ile njema ya kwanza si habari, ni kumkaribisha mtu. Mzungu alichukua ile karibu akaiandika daftarini kwake kama majibu ya majaribio. Siku ya tatu, njema. Siku ya nne, njema. Siku ya kumi na moja, njema, na siku hiyo bomba lilikuwa linatetemeka.

"Mjomba," nilimwambia, "mtangulizie ubovu. Akisema hujambo tu, mwambie mashine yako mbovu."

"Asubuhi yote hii? Hata salamu haijakauka mdomoni, nimtupie mtu ubaya wa kitu chake? Mimi sikulelewa hivyo, mwanangu. Na wewe hukulelewa hivyo."

"Lakini hakupi nafasi."

"Ataniuliza tena. Yule ni mtu mzima."

Nilifyonya, nikatoka. Nilikuwa nimemkasirikia yeye kuliko mzungu, na sioni haya kulisema. Nilikwenda kwa Meneja, bwana mmoja wa bara aliyependa viatu vyake ving'ae, nikamwambia boila siku moja itaumiza mtu. Akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikasema umeme. Akasema basi nishughulike na taa, mambo ya boila ni baina ya mhandisi na mzee, na mhandisi amemwambia kila kitu ni salama. Fomu nilizokuwa nikimpelekea kila jioni amwekee mhandisi zilikuwa juu ya kabati lake, hazijafunuliwa.

Kama wiki ya nne hivi, mjomba alifiwa na shemeji yake Mambrui. Alimuomba Meneja ruhusa ya siku moja. Meneja alikuwa anatembea, akamjibu kwa mkono, nenda, nenda. Hakuandika popote. Usiku ule mjomba aliniusia mambo mawili. Nikae chumba cha boila, nisikiache ila wakati wa simu, niguse bomba kila mara, na nikiona taa ya kijani imezimika nifunge bilula. Na simu nipokee mimi.

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Nilisema, kesho ananijua. Nililala nikipanga maneno: bwana, kabla hujaniuliza, kisanduku chako hakifai. Nilipoamka nikayarudia nikipiga mswaki. Nikayarudia njiani. Saa mbili simu ikalia, nikaunyakua mkonga kabla karani hajaufikia.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo."

"Habari ya mashine?"

"Njema."

Lilitoka lenyewe. Sikulituma. Na yeye akasema vizuri sana, kwaheri, na simu ikakatwa, nami nimebaki na mkonga sikioni mbele ya karani. Nimemcheka mjomba mwezi mzima, kisha mdomo wangu umefanya kilekile, tena bila hata alhamdulillahi.

Nilimwambia karani anipigie Mombasa. Akasema simu za mbali ni mpaka Meneja atie sahihi. Nikaenda kumtafuta Meneja huku nimefura, nikasema dakika tano tu, boila nimeiacha iko sawa, taa zote mbili zinawaka. Jikoni mpishi akanishika mkono, jokofu la samaki limezima, samaki wa watu wanaharibika. Nikasema dakika tano nyingine. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jokofu niliposikia ukelele kutoka chumba cha kufulia.

Alikuwa mama mmoja wa Kibarani, hapo jirani, mtu mzima, mwenye watoto watano, aliyefua shuka za wageni. Alifungua bomba la maji ya moto ajaze beseni kama kawaida yake, likamtapikia mvuke na maji yanayochemka. Mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni, na sehemu ya kifua. Nilimkuta amekaa chini, ameuinua mkono juu asiuguse. Nilikimbilia boila nikafunga bilula. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Tulimpakia kwenye gari la hoteli tukampeleka hospitali, na njia nzima alikuwa akiniuliza mimi kama nimeumia. Alipona, lakini vidole viwili havikukunjuka tena, na kazi ya kufua ikawa imemwisha.

Siku nne baadaye mhandisi alivuka feri. Kumbe foleni ile inavumilika. Waliketi ofisini yeye na Meneja, wakamwita mjomba. Mimi niliambiwa nisubiri nje, nitaitwa. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikawa nasikia, ingawa si kila neno.

Mhandisi hakuwa mtu mkali. Alieleza kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo. Alisema kisanduku kilifanya kilichoamriwa. Kwao, boila ikizimika wakati wa baridi, maji huganda kuwa barafu ndani ya mabomba, mabomba hupasuka, nyumba huharibika. Kwa hiyo waliokipa akili walikiambia: ukikosa habari, endelea kuwasha. Kilikuwa kinatukinga na barafu. Kilifi. Mama wa watu kaungua mkono kwa ajili ya barafu ambayo hajawahi kuiona ila kwenye soda.

Kisha akafungua daftari lake. Akasoma siku moja moja, njema, njema, njema, mpaka siku ya ajali, njema. Akasema kwa masikitiko, mzee, nilikuuliza kila siku. Meneja akadakia kwamba mtunza boila ambaye haripoti ubovu hafai kuaminiwa na boila. Fomu zangu zilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka kichwani pake. Na ruhusa aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe, ya kwamba mjomba siku ile hakuwepo Kilifi kabisa, hakuikumbuka. Nilisubiri mjomba aseme, mimi siku ile nilikuwa Mambrui nazika. Hakusema. Nilisubiri niitwe. Sikuitwa. Mlango haukuwa na kufuli, ningeweza kuusukuma kwa kidole.

Mjomba alitoka akaniambia, nisaidie kufunga mizigo.

Wiki tatu baadaye ikaja bahasha kutoka Ulaya, na ndani yake chipu mpya. Waya ukikatika sasa, boila inazima. Amri moja tu wameibadilisha, tena kwa siku chache, kwa sababu kubadilisha kulikuwa rahisi. Walinipa mimi niipachike. Niliing'oa ile ya zamani kwa bisibisi, na nakumbuka nilitamani kuitafuna.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Mambrui. Nilimkuta mjomba barazani, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama kawaida, akataka niletewe chai. Nikamwambia sitaki chai.

"Mjomba, simu ya siku ile niliipokea mimi. Na mimi nilisema njema."

"Najua," akasema. "Yule bwana aliniuliza pale ofisini: mzee, mbona siku ile sauti ilikuwa nyingine? Nikamwambia nilikuwa na mafua."

Niliketi ukingoni mwa baraza.

"Mkeo ana mimba ya miezi saba," akaendelea. "Tungefukuzwa wote wawili. Mimi nimeshakula chumvi yangu."

Nilimpandishia sauti, mimi, mjomba wangu, nyumbani kwake. Nilimwambia hakuwa na haki, kwamba amelichafua jina lake kwa kosa langu bila kuniuliza, kwamba miaka yake yote ya boila imekwishia kwenye daftari la mtu asiyejua hata kusalimiana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi nenda ukawaambie wewe."

Niliondoka kwa hasira, nimeazimia hivyo. Jumatatu asubuhi Meneja aliniita ofisini kabla sijafungua mdomo. Alisema ameona nafanya kazi kwa bidii, akaninyooshea ufunguo wa chumba cha boila, akasema kuanzia leo kazi ya mzee ni yangu, juu ya ile ya umeme. Niliupokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante.