Blanketi Nililoliacha Mahameni

Sijui kama wewe unaamini mambo haya. Mimi sikuwa nikiyaamini. Lakini kisa hiki hakikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu. Kilinipata mwenyewe, enzi za Mwingereza, nikiwa kijana mwenye akili timamu na tumbo lisilo na pombe. Nisikilize mpaka mwisho, kisha ukitaka kucheka, cheka. Kubishana nimechoka.

Asubuhi ile niliondoka Dodoma mjini bila mpango wowote. Nilikuwa nikilala nyuma ya duka la Mhindi mmoja muuza nguo, nikimbebea marobota kutoka stesheni. Nikaamka, nikanawa uso, nikaona miguu yangu imeelekea mashariki. Ndivyo nilivyo. Hata shule niliiacha darasa la pili kwa sababu hiyo hiyo: mwalimu alitaka tuimbe majina ya mito, mimi nilitaka kwenda kuitazama. Basi nikafuata reli hadi Ihumwa, halafu nikaiacha, nikashika njia ya ng'ombe ili nijue tu inaishia wapi.

Iliishia kwenye tembe la Malogo. Kama hujaona tembe la Wagogo, ni nyumba ndefu ya udongo, paa lake bapa nalo la udongo, limebebwa na nguzo za miti, na mlango wake ni mfupi hivi kwamba kila aingiaye huinama. Malogo alikuwa nje akinoa shoka. Nikamsalimu, akaniuliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi.

"Ala! Mpagazi wangu!" akasema. "Mizigo ya babu yangu umeifikisha wapi miaka yote hii?"

"Babu yako alinitoza hongo ya kunywa maji njiani," nikamjibu, "nikaiacha mizigo rehani. Nenda kaikomboe."

Akacheka mpaka akaweka shoka chini. Utani wa Wagogo na sisi Wanyamwezi ni jambo zuri kwa mtu asiye na kwao. Nikapewa maziwa, nikapewa ugali wa uwele na mlenda, nikaambiwa nilale ukumbini.

Mkewe, Nyemo, hakucheka. Alikuwa amekaa ndani na mtoto mchanga mapajani, macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto siku nzima. Nikadhani ni moshi. Haukuwa moshi. Nyemo alikuwa hajalala.

Kila usiku alikuwa akimlaza mtoto juu ya ngozi ya mbuzi katika kona ya chumba cha ndani, naye akijilaza ubavuni mwake. Asubuhi mtoto alikuwa akikutwa mlangoni, juu ya udongo mtupu, baridi imemwingia. Kila asubuhi ilikuwa hivyo tangu walipohamia tembe hili jipya. Mtoto ambaye hata kugeuka hajui! Na ilikuwa kipupwe, upepo wa kule unakata. Kifua cha mtoto kilikuwa kimeshaanza kukoroma. Kwa hiyo Nyemo aliacha kulala, akawa anakesha amempakata. Lakini mwili ni mwili. Akisinzia kidogo tu, anazinduka mapaja yako wazi na mtoto analia mlangoni, mahali ndama wanapopita kuingia na kutoka.

Mama mkwe, bibi aliyemzaa Malogo, alikuwa na maelezo yake. "Huyu msichana ni mzembe," aliniambia mbele yake. "Anamsukuma mtoto usingizini, kisha anasema maajabu. Mtoto akifa, atarudi kwao na ngozi yake."

Nyemo akamvuta mtoto karibu zaidi. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

Mimi nami udadisi ukanishika. Nikasema, mtani, hebu tumtengenezee mtoto mahali pazuri pa kulala, tuone. Tukaivuta ngozi mbali na jiko ili moshi usimfikie. Nikaikung'uta juani viroboto watoke. Matundu ya ukuta yaliyokuwa yakiingiza upepo nikayaziba kwa samadi mbichi. Nikagongagonga dari kwa fimbo nione kama udongo unadondoka. Mwisho nikamzungushia uzio mdogo wa fito zilizofungwa kwa kamba, ndama asipite, hata mama akijigeuza asimfikie. Bibi alikuwa akinitazama. "Mnyamwezi huyu," akasema, "au alizaliwa mwanamke?"

Asubuhi uzio ulikuwa umesimama vile vile, kamba zote zimefungwa. Mtoto alikuwa mlangoni. Bibi aliangalia zile kamba kwa muda mrefu, na siku ile hakumwita mtu mzembe.

Sasa nifuate vizuri. Jioni iliyofuata Nyemo alikwenda kuchota maji katika shimo la mchangani, korongoni. Mumewe na bibi walikuwa zizini. "Mtani, niangalizie," akaniambia. "Usimwondolee macho." Akamlaza kwenye kona yake, mimi nikakaa karibu. Jua lilikuwa linazama, mwanga wake mwekundu umeingia mpaka ndani, naona kila kitu. Sikuwa nimesinzia, niamini.

Mwanamke akaingia bila kuinama.

Hapo ndipo watu wananikatiza. Wanasema labda alikuwa mfupi. Hakuwa mfupi, alinizidi mimi. Wala mlango haukurefuka. Aliingia wima, kama vile ule mlango hauna juu. Mgongoni alikuwa na ngozi ya kubebea mtoto, inaning'inia tupu. Nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nikimdhania jirani. Akanipita. Akapiga magoti penye ule uzio, akamwinua mtoto wa Nyemo, akampeleka mlangoni na kumlaza chini. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mtu anayeuhamisha mzigo wa mwenzake uliowekwa mahali pake.

Akarudi. Akapitisha kiganja juu ya ile ngozi, akatoa kijiwe, akatoa kingine, akapuliza vumbi. Kisha akalaza kitu ambacho mimi sikukiona, akakipigapiga polepole kama tunavyowapigapiga watoto.

Miguu yangu ilikuwa imekufa. Mdomo peke yake ndio ulikuwa hai. Nikauliza, "Mama, mbona unamtoa mtoto wa watu?"

Hakugeuka. "Wangu alale wapi?" akasema. "Nguzo yake mmeileta huku."

Sauti ile, ndugu yangu, haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekesha miaka. Akaegemeza kichwa kwenye nguzo ya pale konani, akafumba macho.

Wakati huo nikasikia kwato. Malogo alikuwa anawaingiza ndama, nao ndama wakiwahi joto hawaangalii chini. Mtoto akalia. Sijui miguu ilifufukaje. Niliruka jiko, nikamnyakua mlangoni, na ndama wa kwanza akanikanyaga mimi kidole. Ukucha wangu haujaota sawa mpaka leo. Nilipogeuka, pale konani palikuwa na nguzo tu.

Niliwaambia yote. Bibi akachukua kijinga cha moto, akaimulika ile nguzo. Ilikuwa mti mgumu, umekuwa mweusi kwa moshi wa zamani, na usawa wa kifua ulikuwa na mfuo laini kama mahali panapopita kamba kila siku. Bibi akaugusa kwa kidole.

"Hapa palitundikwa ngozi ya mtoto," akasema. "Malogo, nguzo hii umeitoa wapi?"

Malogo akatazama miguu yake. Kule miti ya kujengea ni shida, na watu wakihama hukata nguzo za zamani wakaenda nazo, si ajabu. Lakini hii aliitoa kwenye mahame upande wa Chamwino, makazi yaliyobaki matupu tangu ile njaa kubwa ya baada ya vita vya Mjerumani. Watu walifia humo ndani.

"Mama, mchwa hawakuigusa," akasema. "Nikaona ni nguzo nzuri."

"Ni nzuri," bibi akasema. "Mwenyewe bado anaitumia."

Kisha akamgeukia Nyemo, aliyekuwa amesimama na mtungi kichwani, akamtua ule mtungi kwa mikono yake mwenyewe. Hakuomba radhi kwa maneno. Nyemo akaketi pale pale chini, akaanza kulia.

Nani angeirudisha? Mambo ya maiti hufanywa na mtani, hilo unalijua. Usiku ule tulikaa wote nje kuuzunguka moto. Kulipokucha tukaegemeza paa kwa mti wa zizini, wakaichomoa nguzo, wakanitwika begani. Bibi akanielekeza: isimamishe palipo na shimo lake, fagia, rudi.

Nilifika jua limepanda. Mahame ni mahame: kuta zimeyeyuka, jiwe la kusagia limelala kifudifudi, miiba. Shimo nililiona. Nikasimamisha nguzo, nikashindilia udongo kwa kisigino. Nikafagia kwa tawi. Basi hapo ningegeuka niondoke. Lakini siku zile mikono yangu ilikuwa imezoea kazi ya kumtandikia mtoto, na upepo ulikuwa unapita pale bila kizuizi, na ardhi ilikuwa baridi. Nikatoa vijiwe. Nikajenga kiukuta cha mawe upande wa upepo. Halafu nikavua blanketi langu begani, nikalikunja mara mbili, nikalitandika chini ya nguzo. Hakuna aliyenikataza. Nani angefikiri kumkataza mwanamume jambo kama hilo?

Niliporudi, Nyemo na mtoto walikuwa wamelala, mchana kweupe, katika kona ile ile. Wanakoroma wote wawili. Walilala mpaka ng'ombe wakarudi, wakalala tena hadi asubuhi, na mtoto hakusogea hata upana wa kidole.

Jioni ya siku ile niliyorudi, bibi akaniuliza, "Baridi yote hii, blanketi lako liko wapi?"

Nikamwambia. Malogo akafungua kinywa aseme utani, akakifunga.

"Mwanangu," bibi akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "kwetu anayemtandikia mtoto nguo yake ya kulalia ndiye baba yake. Yule wa mahameni hakuwa na baba wa kumtandikia. Sasa anaye."

Asubuhi wakanifungia unga na kunisindikiza kwa heshima hadi njiani. Hawakunifukuza. Ila sikuambiwa nirudi, na sikuwalaumu. Nani anataka mtoto yule aingie tena kwake akimfuata baba yake?

Nilitembea mpaka Chamwino. Mama mmoja muuza pombe akakubali nilale kwake, akanionyesha kona karibu na moto. Nikajisikia nikisema, "Hapana, mama, hapo pana moshi."

"Haa! Dume zima linaogopa moshi?"

Akanipa kona nyingine. Nikatazama dari kama inadondosha udongo. Nikaweka mkono ukutani kupima upepo. Nikapitisha kiganja chini, nikatoa kijiwe. Yule mama akanitazama, akaacha kucheka. Alfajiri nilipoamka, ubavuni mwangu mchangani palikuwa na kibonde kidogo, urefu wa mkono wangu. Nikakigusa. Kilikuwa cha moto.

Tangu siku ile, kila ninapolala kipo. Manyoni, Singida, Kondoa, popote. Hakilii, hakinidhuru, wala sijapata kugeuka upande wa pili nikalala raha.

Basi wewe unayenisikia, ukimlaza mtoto wako, uliza kwanza nani alilala hapo kabla yake, na ukiona nguzo nzuri mahameni, iache mchwa wamalize. Huruma nayo ipime: usimtandikie nguo yako usiyemjua. Na kama umeshatandika, hakuna dawa niliyoipata. Jifunze kulala ubavu mmoja.