Kicheko Kwenye "Kikombe cha Pili"

Mtaani walimwita Kengele, na aliyempa jina hilo hakukosea. Msusi huyu akicheka, wauza viatu wa ng'ambo ya barabara huinua vichwa, na mteja aliye kitini hushika nywele zake kwa mikono miwili, maana Kengele akicheka, hata vidole vyake hucheka. Mstari uliotakiwa kunyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni ulishawahi kupinda njiani kwa sababu ya kichekesho kimoja tu. Wateja hawakumhama. Walisema misuko yake inadumu, na umbea wake hauna sumu.

Kilichowashinda ni muziki wake. Saluni nyingine zilipiga nyimbo za kutikisa mabega. Kwa Kengele, tangu asubuhi anapopanga vitana hadi jioni anapofagia nywele, aliimba mwanamume mmoja mwenye gitaa moja na majonzi ya ukoo mzima. Mashabiki walimpachika jina la Simanzi. Albamu zake zote zilihusu watu walioondoka, watu wanaoondoka, na watu wanaofikiria kuondoka.

"Dada Kengele," mteja mmoja alimwambia, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, "mimi nimekuja saluni, sikuja msibani."

"Basi lia kidogo, ngozi ilainike," Kengele akamjibu, na ile kengele ikalia.

Utauliza mtu mchangamfu kiasi hicho alitaka nini kwenye nyimbo za namna hiyo. Alipofiwa na mama yake alirudi kazini mapema, na kila aliyeingia saluni alitaka kuchekeshwa kama kawaida. Akawachekesha. Jioni alipofunga mlango, redio ikapiga wimbo wa mtu aliyechemsha chai akamimina vikombe viwili kwa mazoea, ilhali mwenzake alishaondoka. Kengele akaketi kwenye kiti cha wateja akalia mpaka moyo ukawa mwepesi. Anayewachekesha wote naye anahitaji wa kumliza. Tangu siku hiyo hakupitwa na albamu ya Simanzi hata moja.

Basi Simanzi akaja mjini kufanya onyesho la alasiri, na Kengele akamburuta mumewe. Huyu bwana ni mlinzi wa usiku. Usiku hapepesi macho hata paka akipita, lakini mchana hulala popote, hata amesimama. Simanzi alipofika kwenye wimbo ule, "Kikombe cha Pili", akaimba "nimemimina viwili tena", kisha akanyamaza, akaliacha neno lining'inie. Ukumbi mzima ulishikilia pumzi. Katika kimya hicho mlinzi akavuta mkoromo mmoja, mrefu, mnene, wa kutoka kisimani.

Kengele alijikaza kisabuni. Aliuma mtandio, akafikiria madeni, akafikiria kifo. Wapi! Kicheko kilimtoka kikagonga paa. Watu wakageuka, naye akainama kama anayetafuta kiatu. Mambo yangeishia hapo, ila onyesho lile lilikuwa linarekodiwa. Albamu ilipotoka, kicheko kilikuwa humo, kizima kama kilivyozaliwa.

Baadaye akasikia kwamba upande wa pili wa mji kuna mashabiki wa Simanzi wanaokutana kila Jumapili mchana dukani kwa fundi saa. Akaenda mbio, roho juu. Fundi saa ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mzee mkavu mwenye masikio ya kusikia skrubu ikilegea. Kabla ya kuweka albamu alisimamisha saa zote za ukutani, moja baada ya nyingine, ili isithubutu hata moja kugonga juu ya sauti ya Simanzi. Sheria zake zilikuwa kali. Albamu husikilizwa nzima, na vipande vya kwenye simu ni marufuku. "Kipande cha simu," alisema, "ni kunusa chungu cha jirani ukasema umekula."

Siku hiyo walikuwa wanasikiliza albamu ya jukwaani. Wimbo ulipofika kwenye kile kimya, mwenyekiti akainua kidole.

"Hapa sasa. Sikilizeni ule uzi mnene wa gitaa unavyonguruma. Huo si uzi, jamani, huo ni moyo wa mtu unapasuka." Machozi yalimlengalenga kabisa. Kisha kicheko kikalia, na uso wake ukabadilika. "Halafu huyu! Huyu asiye na haya, aliyeuua wimbo!"

Kengele akatazama kucha zake. Uzi mnene, wakati huohuo, ulikuwa umelala nyumbani kwake bila shati.

Kuanzia hapo akaumeza ulimi na kicheko pamoja. Dukani kwa fundi saa hakutabasamu hata kwa bahati mbaya, asije akatambulika, na wenzake wakambatiza Dada Kimya. Walimheshimu mno. Walisema yule dada amebeba mazito. Nesi aliyekaa jirani yake kila Jumapili alikuwa akimsogezea leso kimyakimya, na siku alipokutana na mume wa Kengele sokoni akamvuta pembeni.

"Shemeji, mwenzio unamfanya nini nyumbani?"

"Mimi? Mimi nalala tu."

"Ndiyo hayo sasa," nesi akasema, akamwacha ameduwaa na nyanya mkononi.

Zikaja habari kwamba Simanzi anarudi mjini. Mwenyekiti alisimama katikati ya saa zake zilizonyamaza, akatangaza kwamba baada ya onyesho chama kitamfuata msanii mwenyewe, kimwombe akifute kicheko kile kwenye albamu. "Wanaounga mkono?" Mikono yote ikapanda. Wa kwanza ulikuwa wa Kengele.

"Nimejipigia kura ya kujifukuza," alimwambia mumewe jioni.

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. "Si uwaambie tu, mke wangu?"

"Niwaambie wanitoe? Hujui Jumapili zile ni nini kwangu. Mtaa mzima nikinyamaza kidogo wananiuliza naumwa wapi. Kule peke yake ndiko ninakoruhusiwa kukaa na huzuni yangu, na watu wakanipisha."

Mumewe akaacha kucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi wewe usicheke, na mimi nisilale." Wakapeana mikono kama wafanyabiashara.

Siku ya onyesho mlinzi alikunywa kahawa ya kumfufua maiti. Ukumbi ulifurika wageni waliofika kwa mabasi kutoka miji mingine. Chama kilikaa safu moja: mwenyekiti, Kengele, mumewe, nesi, na wengine hadi ukutani. Simanzi aliingia amezeeka kidogo na amenenepa kidogo, akaimba vizuri kuliko albamu zake zote, na safu nzima ikalia kwa raha.

Kisha kikaja "Kikombe cha Pili". Nimemimina viwili tena. Kimya.

Na ukumbi mzima, isipokuwa safu ile moja, ukaangua kicheko. Haa-ha-ha-haaa! Kilekile cha kwenye albamu, kwa mpando uleule na mshuko uleule. Kumbe ndiyo ilikuwa desturi ya mashabiki miji yote, ila watu wa fundi saa na marufuku yao ya simu hawakuwa na habari. Mwenyekiti aligeuka rangi. Kengele hakujua azame wapi.

Simanzi akatabasamu, akatikisa kichwa. Aliondoa mikono yake kwenye gitaa, akaiinua hewani.

"Asanteni. Lakini bado," akasema. "Kila mji mnaniigizia. Nangoja siku nikisikie chenyewe."

Ukumbi ukatulia ukimsubiri aendelee. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo wenyewe ukatoka kwa mlinzi wa usiku, ambaye kahawa ilikuwa imemsaliti. Mrefu, mnene, wa kutoka kisimani.

Mwenyekiti aliutambua. Alitazama gitaa, akaitazama mikono ya Simanzi hewani, akatazama gitaa tena. Kengele alimwona mzee akihesabu hesabu ile usoni, na hapo maji yakazidi unga. Akacheka. Alicheka vicheko vyote alivyokuwa ameviweka akiba kila Jumapili, hadi machozi yakamshuka, hadi taa za ukumbini zikaonekana kutetemeka.

Simanzi akasimama. "Ni huyo! Huyo mama ni yeye!" Akasogea ukingoni mwa jukwaa. "Dada yangu, siku ile nilikuwa nataka kuuacha wimbo huu. Ulikuwa unanila. Ulipocheka ndipo nilipoona: mtu aliyemimina vikombe viwili jikoni peke yake, kabla hajalia, si lazima ajicheke kwanza? Wimbo ulikuwa haujaisha. Wewe ndiye uliyeumaliza."

Watu wakapiga makofi. Kengele hakuyasikia, alikuwa anamtazama mwenyekiti. Mzee alimgeukia taratibu.

"Dada Kimya, ulinyoosha mkono."

"Nilinyoosha."

"Wa kwanza."

"Nisamehe, mzee wangu. Niliogopa mngenitoa, nami sina kwingine pa kulilia."

Mwenyekiti akamwinamia mlinzi aliyelala kinywa wazi, akatega sikio karibu na kifua chake, kama anavyoitega saa iliyoletwa na mteja.

"Ndio wenyewe," akanong'ona. "Moyo wa mtu, nilisema mimi. Sikukosea sana."

Nesi alitoa leso, safari hii ya kujifunikia kicheko chake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata Kengele alifika dukani akiwa na wasiwasi, mumewe nyuma yake, kwa sababu mwenyekiti aliagiza naye aje. Kiti chake kilikuwa palepale. Kando yake kiliwekwa kingine, chenye mto. Mwenyekiti alimkaribisha shemeji aketi, akazunguka akisimamisha saa zote ukutani mpaka duka likawa kimya kabisa. Kabla albamu haijaanza, mlinzi alikuwa ameshalala na kuanza kukoroma. Nesi alinyoosha mkono amwamshe.

"Mwache," mwenyekiti akasema. "Huyo hasimamishwi."