Mshumaa wa Mzee Fidelis

Wapendwa, shule niliishia kidato cha pili, lakini kila siku naota kiti cha ofisini, kile cha kuzunguka. Chama cha wakulima wa mpunga hapa Ifakara kiliponipa kazi ya majaribio, kupanga upya tovuti yao, nilijua nimefika. Nikifanya vizuri, wananiajiri.

Nilitakiwa kupitia kurasa zote mia tatu na kufuta zilizopitwa na wakati. Ukurasa wa mwanachama mmoja, Mzee Fidelis wa Kiberege, ulikuwa haujaguswa miaka minane, hata picha hauna. Nikampigia siku nne, hapatikani. Machozi yakanilenga. Nimfute mtu hivihivi? Nikafungua sehemu mpya, "Waliotutangulia", nikamweka humo na mshumaa unaowaka.

Katibu aliipenda. "Dogo, una utu," akasema. Mkutano mkuu ulipofunguliwa, alisoma jina lililokuwa humo, tukasimama wote dakika moja. Mzee mmoja aliyechelewa akaja kusimama pembeni yangu.

"Tunamkumbuka nani?" akaninong'oneza.

"Shikamoo. Mzee Fidelis wa Kiberege. Alikuwa mtu wa watu."

"Marahaba. Alikufa lini?"

"Hatujui, mzee. Simu yake ilikuwa haipatikani."

"Nilikuwa Chita shambani, huko hakuna mtandao," akasema, akivaa kofia yake. "Basi kama ni mimi, acha nikae."

Akakaa. Ukumbi mzima umesimama, yeye peke yake amekaa, na katibu akainua macho kutoka kwenye karatasi.