Kitanda cha Wageni katika Bustani ya Bi Aziza

Marehemu Bi Hasna binti Abeid, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kusifu. Ukimletea mgebuka mnono, samaki wa ziwani, kutoka Kibirizi, aliubonyeza shavu na kuuliza ulikufa kwa ugonjwa gani. Ukimwonyesha bibi harusi, alisema nguo ni nzuri, akanyamaza. Watu wa Ujiji waliuogopa ulimi wake, lakini mwanamke alipofariki katika mitaa ile, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wake. Bi Hasna alikuwa mwosha maiti. Riziki yake aliipata kwa kuuza mawese sokoni. Kuosha hakuchukulia malipo, na aliyejaribu kumpa chochote alirudishiwa pamoja na maneno.

Katika miaka ya wakimbizi kazi ilimzidi. Zaire ilikuwa inawaka, Burundi inawaka, na maboti yalikuwa yakishusha watu ufukweni mchana na usiku. Wengi walipelekwa makambini. Wenye jamaa mjini, au wenye ujanja, walijipenyeza Gungu na Ujiji wakajificha kwenye nyua za watu. Pamoja nao yalikuja magari meupe ya mashirika, yenye antena ndefu kama ndevu za kambare. Bi Hasna aliyadharau magari, akawadharau waliomo, na wenyeji waliojipanga kuwapangisha nyumba kwa bei ya kufuru aliwadharau zaidi.

"Mji mzima umepata kazi ya kuhurumia," alisema. "Kila mwenye huruma ana dereva."

Wakimbizi wenyewe hakuwasema. Binti yake Salima alikuwa ameolewa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na vita vilipofika huko, mtu mmoja aliyevuka na boti la dagaa alileta habari kwamba Salima amekufa njiani pamoja na mtoto mgongoni. Hakujua zaidi. Bi Hasna alikaa eda ya uchungu wake bila kelele, kisha akarudi sokoni, na ulimi ukawa mkali kuliko mwanzo.

Wakati huohuo ndipo mji ulipoletewa bustani.

Shamba la Bi Aziza liko upande wa chini wa Ujiji, ardhi inapoanza kuteremka kuelekea ziwani. Bi Aziza alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, na nyumba yake kubwa ilijengwa na watu walioletwa wamefungwa kamba. Alipozeeka hofu ya Mungu ikamwingia. Aliagiza kitanda cha mninga cha kuoshea maiti, akakiweka wakfu kwa ajili ya mgeni yeyote atakayefia Ujiji bila ndugu. Wenyeji walikuwa na vitanda vya misikiti yao. Kile kilikuwa cha wageni. Jamaa zake walihamia pwani, nyumba ikabaki na popo, lakini kitanda kiliendelea kuchukuliwa na kurudishwa kwenye chumba cha nyuma bila mtu kuombwa ruhusa. Bi Hasna mwenyewe alikuwa amekichukua mara nyingi.

Kisha wafadhili wakaona nyumba, wakaipenda. Michikichi ikakatwa, yakapandwa mawaridi. Likawekwa lango la chuma na ubao mkubwa: Bustani na Makumbusho ya Bi Aziza. Jumapili mchana watu wa mashirika walikuja kupumzika humo na uchovu wa kuhurumia.

Bi Hasna aliapa kwamba hatatia mguu. Lakini Jumapili moja asubuhi jirani yake Zuhra alikuja akilia, mtandio umemlegea.

"Dada Hasna, Shadya ametutoka. Homa imemaliza usiku kucha naye."

Shadya alikuwa mwanamke wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu huko Bujumbura. Alikuwa amefika peke yake, Zuhra akamficha uani kwake kwa miezi kadhaa. Hakuwa na mtu mwingine hapa duniani aliyejulikana.

"Inna lillahi," alisema Bi Hasna. "Acha kulia, tia maji motoni. Mtu akazikwe baada ya alasiri. Kitanda nitakifuata mimi."

Imamu wa mtaa alipopata habari alitoa rai ya busara. Kitanda cha msikiti kilikuwa Gungu kwenye msiba mwingine, kwa hiyo wang'oe mlango, wauegemeze juu ya matofali, wamwoshe hapo. Sheria inaruhusu.

"Sheria inaruhusu, Shehe, sikatai," alisema Bi Hasna. "Na mimi nimeosha watu juu ya milango. Lakini huyu ana kitanda chake. Kimewekwa kwa jina la wenziwe. Amekosa nchi, amekosa mume, amekosa hata wa kumlilia isipokuwa Zuhra ambaye hulia hata akikata kitunguu. Na kitanda pia akose, kwa sababu watu wanataka kukitazama?"

Imamu akasema basi, nenda ukajaribu.

Langoni kulikuwa na mlinzi aitwaye Pastory, kijana wa Kasulu, aliyevaa koti lililomzidi mabega.

"Mwakeye, mama," alimsalimu kwa Kiha. "Leo wenyeji ni bure. Karibu utalii."

"Nitalii nini, mwanangu? Nimezaliwa hapo nyuma ya huo ukuta."

Alipita kwenye njia ya changarawe, pande zote mawaridi yakihema kwa jua. Kila baada ya hatua chache palikuwa na kibao: Usikanyage Majani. Usichume Maua. Usikalie Ukuta. Bi Hasna alijisemea kwamba Bi Aziza naye alikuwa na amri zake, lakini angalau hakuzipaka rangi. Ndani, ukumbini, palisimama sanamu ya mbao iliyovishwa kanga na bangili: ndiye Bi Aziza mwenyewe. Kanga ilikuwa mpya, bado ina wanga wa dukani. Kwenye kabati la kioo palilazwa minyororo iliyong'arishwa vizuri. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa akiipiga picha huku mumewe akimshikia juisi.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa chokaa. Kitanda kilikuwepo katikati, kimezungushiwa kamba nyekundu, miguu imekazwa sakafuni kwa bolti. Ukutani maelezo yalisema kwamba kitanda hiki kilitumika kuoshea wageni waliofia Ujiji, nacho ni ushahidi wa ukarimu wa watu wa mji huu tangu zamani.

"Ukarimu!" alisema Bi Hasna kwa sauti iliyofika ukumbini. "Aliwabebesha mizigo mpaka wakafa, kisha akawachongea kitanda. Na nyinyi mmewanyang'anya hata hicho."

Sauti ilimtoa ofisini Bwana Oswald, msimamizi wa makumbusho, mtu mpole mwenye shati la mikono mirefu na historia yote ya Ujiji kichwani. Alimwamkia shikamoo kwa adabu. Bi Hasna alipomweleza haja yake, hakubisha kwamba kitanda ni wakfu. Alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika maelezo yale.

"Ila mama, kimeandikishwa kuwa mali ya kale. Hakitoki nje ya lango bila kibali kutoka juu. Nikikitoa leo, kesho kazi sina."

"Kibali kinachukua muda gani?"

"Mwezi. Pengine miwili."

"Basi nikamwambie marehemu asubiri?"

"Mama yangu, nisamehe. Kwani huyo ni nani wako?"

 Bi Hasna alikishika kitanda ubaoni, mahali ambapo viganja vya waosha wengi vilikuwa vimelainisha mti.

"Si wangu," alisema. "Wangu yuko ng'ambo. Sijui kama alioshwa, sijui kama alifunikwa hata majani. Ninachoomba kila nikisali ni kwamba huko alikokufa, awe alikuwepo mwanamke mmoja mkorofi aliyesema: huyu mgeni ana haki yake. Sasa wewe unaniambia mwezi."

Bwana Oswald aliinamisha macho. Alisema tu kwamba saa tisa wanakuja wageni wakubwa, wafadhili, na kwamba anaomba mama amwelewe.

"Nimekuelewa sana," alisema Bi Hasna. "Kitanda hakitoki nje ya lango. Ndivyo ulivyosema?"

"Ndiyo, mama."

"Hukusema maiti haingii."

Akaondoka.

Adhuhuri ilipokwisha, watu wa mtaa waliteremka njia ya bustani wamebeba jeneza la msikiti, limefunikwa shuka ya kijani. Mbele alitangulia Bi Hasna na ndoo, nyuma Zuhra na sanda, udi, pamba na karafuu maiti. Pastory alitoka kibandani akitaka kupuliza filimbi, akaiona shuka, akaiondoa filimbi mdomoni.

"Mama, huyu... huyu ni mgeni au mwenyeji?"

"Mgeni," alisema Bi Hasna. "Lakini kiingilio alikwisha kulipa, na chenji hakupewa. Fungua lango lote, usifungue nusu kama unaingiza mbuzi."

Pastory alifungua. Baadaye aliulizwa kwa nini, akasema kwao Kasulu mtu hazuii msiba.

Wageni wakubwa walikuwa wamefika mapema. Walikuwa ukumbini wakisikiliza habari za pembe za ndovu jeneza lilipopita katikati yao, na wakajibanza ukutani pamoja na sanamu. Mmoja alinyanyua kamera. Bi Hasna alimtazama tu, kamera ikashuka yenyewe.

Chumbani alikata kamba nyekundu kwa kisu cha jikoni. Aliwatoa wanaume wote, akafunga dirisha, akatundika kanga mlangoni. Ukutani kulikuwa na picha za magavana na matajiri wa zamani wenye masharubu. Alizigeuza moja moja zikatazama chokaa.

"Hata picha, dada?" aliuliza Zuhra.

"Hawa hasa. Walikuwa hawana adabu wakiwa hai."

Maji yaliyochemshwa hayakutosha. Bi Hasna alitoa kichwa nje ya kanga na kumkuta Bwana Oswald amesimama ukumbini, mikono haijui iende wapi, wafadhili nyuma yake wakinong'ona.

"Wewe uliyesoma, bomba la kumwagilia maua liko wapi?"

"Uani, mama."

"Basi lete maji. Na wenzako hao wenye huruma wapokezane ndoo, wasisimame kama michikichi mliyoikata."

Bwana Oswald aliikunja mikono ya shati. Alileta ndoo hadi mlangoni, akaiweka chini, akageuka kabla kanga haijafunuliwa. Mgeni mmoja mzee, mwenye kofia ya nyasi, alimfuata na ndoo ya pili. Wengine walitoka bustanini kutafuta hewa.

Ndani, ulimi wa Bi Hasna ulikuwa umekoma. Wale waliomjua sokoni tu wasingeamini mikono ile. Alimwinua Shadya kichwa kama mtu anayeamsha mtoto usingizini, akamsuuza upande wa kulia, kisha wa kushoto, akimficha mwili kwa shuka muda wote, midomo ikitaja jina la Mungu. Maji yalipita katikati ya mbao za kitanda, yakafuata mfereji wa zamani uliochimbwa sakafuni, yakatokea ukutani na kuingia kwenye mawaridi.

"Mama yake alikuwa anaitwa nani?" aliuliza wakati wa kufunga sanda. "Shehe atalihitaji jina hilo kaburini kwa talakini, amwite marehemu kwa mama yake."

Zuhra hakujua. Miezi yote ile, Shadya hakuwahi kumtaja mama yake.

"Basi ni binti Hawa," alisema Bi Hasna. "Asiye na mama anayejulikana, mama yake ni Hawa. Na mimi na wewe pia, tukifia mbali." Hapo ndipo Zuhra alipomwona analia, na kwa mara ya kwanza Zuhra ndiye aliyenyamaza.

Maiti ilitoka, wanaume wakajipanga kuisalia. Uwanja ulio sawa ulikuwa mmoja tu, wenye kibao cha Usikanyage Majani. Imamu alikitazama kibao, akavua viatu, akasimama juu ya majani, na safu zikajipanga nyuma yake. Hakuna aliyewakataza. Jua lilipoanza kulegea, Shadya binti Hawa alikuwa amezikwa makaburini Ujiji, uso kibla, kama mtu yeyote wa pale.

Jumatano iliyofuata Bwana Oswald alifika nyumbani kwa Bi Hasna. Alivua viatu barazani, akashika kofia mkononi. Alisema wafadhili wameguswa sana. Wamependekeza kwamba Bi Hasna awe anakuja kila Jumapili kuwaonyesha wageni jinsi maiti inavyooshwa. Wangenunua mwanasesere mkubwa wa kulaza kitandani.

Bi Hasna aliendelea kuchuja mawese yake kwa muda.

"Waambie nitakuja," alisema, "siku atakayokufa mmoja wao. Nitamwosha vizuri, na nyinyi wengine mtatazama picha zilizogeuzwa. Mwanasesere!" Aliweka kichujio chini. "Mwanaume mzima, umevuka mji kuja kuniambia mwanasesere."

"Nilitumwa, mama. Mimi mwenyewe nilikuwa na langu." Alishusha sauti. "Bolti nimezitoa. Nimewaandikia kwamba sakafu ilikuwa inapasuka. Na jana waliletwa maiti wawili kutoka Kibirizi, boti lilizama. Pastory aliwapa waliowabeba kitanda, na jioni wakakirudisha. Sikuandika popote."

"Wawili," alisema Bi Hasna. "Wanawake?"

"Mmoja. Walimtafuta mwosha, wakaambiwa umekwenda Bangwe kwa msiba."

Bi Hasna alimtazama kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. Akamuuliza ni nani aliyemwosha, na Bwana Oswald akasema ni mke wake, ambaye hajawahi kuosha mtu, na kwamba aliogopa akakosea mambo mengi.

"Mlete kesho, baada ya soko," alisema Bi Hasna. "Nimfundishe. Na aje na kanga ya kazi, asije amejipamba kama bustani yenu."