Mume Aliyejibu Maswali ya Mkewe

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja Kalerwe, nikisubiri majibu ya malaria. Dada mtafiti alikuwa akiwahoji wanawake kuhusu afya yao. Akafika kwa mama mmoja aliyefungwa bandeji mkononi, ameketi na mumewe.

"Mama, uliumiaje?"

"Aliteleza bafuni," akajibu mume.

"Na usiku unalala vizuri?"

"Analala sana," akajibu tena mume.

Mtafiti akafunika kalamu. "Bwana, maswali yaliyobaki ni ya mama peke yake."

"Kwa nini? Mimi na bibi yangu ni mtu mmoja."

Mama, aliyekuwa ameinamia sakafu muda wote, akainua ule mkono mbele ya uso wa mumewe. "Kama ni mtu mmoja, mbona wewe huumwi?"

Mama akaingia chumbani na mtafiti, mlango ukafungwa. Mume akabaki akitikisa goti.

Mama alipotoka, alimwambia mumewe kwa upole, "Wewe tangulia nyumbani. Mimi naenda kwa dada yangu, Bwaise. Mtafiti atakuja kuniona huko."

Kumbe kazi ngumu ya utafiti si kuuliza, ni kumpata mwenyewe ajibu. Ila sijatulia tangu siku hiyo. Najiuliza ni nani atakayetangulia kubisha hodi huko Bwaise, mtafiti au mume.