Nje Palikuwa Mahali pa Adhabu

Nilimwahidi Bibi Mwanaidi wa kata ya Mabwerebwere, kabla sijashika hata chaki, kwamba mjukuu wake hatalia tena kwa sababu ya shule. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, mjini Kilosa. Zuhura, mtoto wa darasa la awali, alikuwa ameng'ang'ania kanga ya bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie wewe, mimi ananiona muongo. Akigoma tena, namwacha nyumbani achunge kuku."

Ningali kijana, lakini darasa nimeshaliacha kwa kazi nyingine ya elimu. Naona ni wajibu kuwaeleza ninyi walimu mnaoanza kazi yale niliyoyaona.

Chuoni tulifundishwa kwamba michezo ya ndani na ya nje sharti ipewe nafasi sawa. Ya ndani hufanyika katika kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye vitabu vya picha, maboksi na vifuniko vya kuhesabia. Humtuliza mtoto na kumzoesha kufikiri. Ya nje humjenga mwili na kumpa ujasiri. Basi tulipomaliza kona zetu nikasema, "Twendeni nje."

Watoto wakainuka. Wakatoka kwa mstari, wakapiga magoti kando ya ukuta, juani, wakainua mikono. Zuhura alikuwa ameshafumba macho.

"Mnafanya nini?"

"Adhabu, mwalimu," alijibu mmoja. "Leo tumekosa nini?"

Mwalimu Mkuu, mtu mpole aliyemjua kila mtoto kwa jina, alikuwa akipita; alicheka kuniona nimeduwaa.

"Usishtuke, kijana. Ndani ni kusoma, nje ni adhabu. Hata sisi tulikuzwa hivyo."

"Mkuu, naomba adhabu hii ikome. Hawatacheza mahali wanapopaogopa."

"Na mkorofi nimpeleke wapi, kwako?"

"Kwangu, mkuu. Nitazungumza naye."

"Utazungumza mpaka koo likauke." Hata hivyo, aliniruhusu nijaribu.

Mikono yao haikushuka kwa amri tu. Nilibeba vifuniko na vitabu vya picha kutoka kwenye kona, nikavitandaza kivulini, watoto wakavifuata kwa sababu walivizoea. Baadaye tulileta mpira wa matambara. Siku Zuhura alipoukwepa mpira katika mchezo wa rede, alipiga kelele mpaka Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani.

Muhula ulipokwisha, bibi alinisimamisha njiani. "Umenidanganya, mwalimu. Huyu bado analia."

"Analia nini, bibi?"

"Jumamosi. Anataka shule."

Kisha nilihamishiwa Mikumi. Shule nyingine, watoto wengine, wengi wao wa familia za wafugaji waliozoea kukimbizana na ndama. Niliamini hao hawangeogopa uwanja. Siku ya kwanza nikasema, "Twendeni nje."

Wakaenda moja kwa moja ukutani, wakapiga magoti.

Mwalimu unayesoma haya, mtoto akikosea, tafadhali usimtoe nje.